Walio Chini ya Jiwe

Leo nakuomba uvue viatu, ukunje suruali au uikaze kanga yako vizuri, tuingie mtoni. Si mto mkubwa. Ni kijito tu, maji yake yanaishia magotini, na mtoto wa darasa la nne akipata pa kukimbilia anakiruka ng'ambo. Kiko milimani, Amani, wilayani Muheza, na maji yake huishia Mto Zigi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa vijito vya namna hii vimejaa Usambara Mashariki, na huenda cha kwenu kinafanana nacho.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Msemo huo nimekua nao, na siku zote niliuchukua kuwa unasema habari za watu, mwenye nacho na asiye nacho. Siku nilipoinua jiwe katika kijito kile ndipo nilipoona kwamba unaweza kuchukuliwa vilevile ulivyo. Jiwe lilikuwa la ukubwa wa sahani ya wali, jeusi, linateleza. Nililigeuza taratibu juu ya beseni. Mwanzo sikuona kitu. Kisha jiwe likawa kama linatembea. Viumbe bapa, rangi ileile ya jiwe, vilikuwa vinakimbia kutoka upande wa mwanga kwenda upande wa giza. Kimoja nilikitazama kwa kioo cha kukuzia: miguu sita, kichwa kipana kama ngao, mikia mitatu myembamba kama nywele, na ubavuni matamvua ya kupumulia, yanapepea bila kupumzika. Kando yake palikuwa na kibomba cha changarawe, urefu wa punje ya mchele, chembe zimepangwa moja moja na kugandishwa kwa hariri. Nikadhani ni uchafu. Uchafu ukatoa kichwa.

Watoto wa shule niliokuwa nao waliwapa majina palepale. Yule wa kwanza wakamwita Mikia Mitatu. Wa kibomba wakamwita Fundi Mwashi. Wataalamu wana majina yao ya Kilatini, lakini leo nitatumia ya watoto. Wote wawili ni wachanga wa wadudu wenye mabawa. Huishi majini kwa miezi, halafu hupanda juu, hutoa mabawa, hupandana, hutaga na kufa. Mikia Mitatu akishapata mabawa hali tena, mdomo wake haufanyi kazi, na siku zake zilizobaki ni chache mno. Umri wake karibu wote umekwisha mtoni. Neno hilo liweke akilini, tutalirudia.

Ukimuuliza mtu kama kijito kizima au kigonjwa, atayatazama maji. Yakiwa meupe atasema ni mazuri, yakiwa na tope atasema mabaya. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka asubuhi moja, miaka kadhaa nyuma, nilipofika kijito kingine upande wa pili wa kilima. Maji yalikuwa maangavu, kokoto za chini ungezihesabu. Lakini kaa walikuwa nje. Walikuwa wamepanda juu ya mawe na kwenye matope ya ukingoni, wengine wamelala chali, wanachezesha miguu hewani. Usiku ule mtu alikuwa amemwaga huko juu dawa ya kuulia wadudu wa mazao, ili aokote samaki na kaa bila jasho. Wazee walitumia utupa, majani ya kuponda, na utupa nao ni sumu, tusidanganyane. Ila hii ya dukani huua mpaka aliyejificha chini ya changarawe. Na maji yalibaki maangavu vilevile. Kesho yake mchana ningejaza chupa nikaipeleka maabara, yamkini ningeletewa jibu kwamba maji hayana tatizo, maana yale yenye sumu yalikuwa yameshateremka Zigi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Chupa ya maji inakupa habari ya dakika uliyochota. Aliyekaa chini ya jiwe miezi sita anakupa habari ya miezi sita. Sumu iliyopita usiku wa manane, sabuni ya kila Jumamosi, tope la mvua ya kwanza, jua la kiangazi, yote yamempitia mwilini. Akiwapo, ujue kijito kimemlea. Akikosekana mahali alipostahili kuwapo, kuna jambo limempata, na kazi yako ni kulitafuta. Maabara ina kazi yake, sibishani nayo: zebaki, mbolea na vijidudu vya choo vinahitaji vipimo. Ila maabara iko mjini, na gharama zake si za kijiji. Jiwe liko hapa.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walipanga viumbe wa majini kulingana na uchafu wanaoweza kuuvumilia. Afrika Kusini wakaja kutengeneza njia yao iitwayo SASS: kila jamii ya wadudu, konokono na minyoo imepewa alama, kuanzia 1 kwa wanaovumilia uchafu mpaka 15 kwa wasiouvumilia hata kidogo. Unajumlisha alama za waliopatikana, unagawa kwa idadi ya jamii, unapata wastani. Na sisi Tanzania tunayo ya kwetu. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa kipimo kinachoitwa TARISS, kilichorekebishwa kwa mito ya nchi hii.

Kwa nini kirekebishwe? Nitatoa mfano mmoja. Yuko mdudu mwingine wa mawe, bapa, mwenye mikia miwili badala ya mitatu, anayependa maji ya baridi yanayokimbia. Kwenye toleo dogo la SASS lililotengenezwa kwa ajili ya raia na wanafunzi, lenye makundi 13 tu, Mikia Miwili ndiye mwenye alama kubwa kuliko wote: 17. Afrika Kusini wako wa koo mbalimbali. Huku kwetu Afrika Mashariki ukoo wao karibu ni mmoja tu. Sasa ukija na kipimo cha ugenini ukakipaka Usambara vivi hivi, utakihukumu kijito kizima kuwa kigonjwa kwa kumkosa mgeni ambaye hakuwa na desturi ya kuja kwa wingi. Toleo hilo dogo nalitumia, na watoto wanalipenda kwa wepesi wake, lakini kwa kulinganisha kijito na kijito cha hapahapa, au mwaka huu na mwaka jana. Sitalitumia kulinganisha Amani na KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini.

Vifaa vyetu siku ile havikuzidi hivi: kipande cha chandarua kuukuu kilichoshonwa kwenye fremu ya waya mnene, mpini wa fito, beseni jeupe, kijiko cha chai, kioo cha kukuzia, kipimajoto na daftari. Beseni lazima liwe jeupe, la sivyo hutaona kitu. Kama hakuna, kata dumu jeupe la plastiki. Mmoja anashika wavu, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Mwenzake anasimama mbele ya wavu akichokoa mawe kwa kisigino, kama anayetwanga kwa miguu, dakika mbili mpaka tano. Viumbe wanang'oka, maji yanawasukuma wavuni. Yale mawe makubwa unayasugua kwa mkono. Kisha unapita kwenye majani yanayoning'inia ukingoni, maana wako wasiopenda mkondo. Yote unayamwaga katika beseni lenye maji, halafu unakaa kimya. Hapa ndipo watu wazima hushindwa. Dakika ya kwanza utaona majani makavu na mchanga. Dakika ya tatu, jani moja litaanza kwenda kinyume na wenzake.

Tulikuwa tumeinama hivyo alipoteremka bibi mmoja na ndoo.

"Shikamoo bibi," watoto wakaamkia.

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta nini, dhahabu?"

"Hapana bibi, wadudu."

Alitua ndoo, akasogea, akachungulia beseni muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hawa?" akasema. "Hawa ndio wenye maji. Sie tunachota tu. Sisi wasichana tulikuwa tukija kuwaokota kaa hapa mpaka kule darajani. Sasa kule darajani nendeni mkaangalie, kama mtampata hata mmoja."

Swali lake la dhahabu halikuwa mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo walivamia mabonde ya huku, Sakale na jirani zake, wakachimbua kingo na vitanda vya vijito. Shimo unaweza kulifukia. Tope lililokwisha kuingia katikati ya mawe ni shida nyingine. Msikilizaji, nyumba ya viumbe hawa ni nafasi iliyopo kati ya jiwe na jiwe. Hapo ndipo wanapojificha, ndipo maji yenye hewa yanapopita. Tope laini likijaza nafasi hizo, ni kama mtu amekuja na zege akaziba milango na madirisha ya mtaa mzima huku wenyewe wamo ndani. Mto unaweza kurudia weupe wake siku chache baada ya mvua, na mtaa ukabaki umezibwa.

Tuliandika waliokuwa kwenye beseni la juu, pale msituni. Kaa, alama 6. Mikia Mitatu yule bapa, 11. Na nduguye mdogo anayeogelea kama kisamaki, 5. Fundi Mwashi, 9. Mtoto wa kerengende mnene, 6, na yule mwembamba, 4. Kombamaji na wenzake, 5. Viluwiluwi vya nzi, 2. Na Mikia Miwili alikuwapo, mmoja, mkubwa, wa rangi ya njano na hudhurungi: 17. Jumla 65, makundi tisa, wastani wake 7 na kidogo. Msichana aliyekuwa anashika daftari alirudia kugawanya mara mbili, akaupigia mstari.

Halafu tukateremka, mwendo wa robo saa, mpaka chini ya daraja.

Maji ni yaleyale, siku ni ileile. Lakini msitu umeishia juu ya daraja. Chini yake magimbi na miwa vimefika mpaka majini, mti wa kivuli hata mmoja haupo, na jua linapiga mawe tangu asubuhi. Kipimajoto kilitupa tofauti ambayo ungeihisi hata kwa mguu. Joto si jambo dogo. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 15 inaweza kubeba takriban miligramu 10 za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30 uwezo huo unashuka mpaka 7 na nusu hivi. Ukikata mti ukingoni unamnyima Mikia Mitatu pumzi, na chakula juu yake, kwa sababu kijito cha msituni hulishwa na majani yanayodondoka. Kaa ndiye anayeyakatakata, na makombo yake wanakula wadogo walio chini. Hapa chini ya daraja palikuwa na utelezi wa kijani juu ya mawe, na mahali pa kufulia palipotapakaa povu.

Beseni la pili lilijaa haraka. Ukitazama wingi tu, ungesema hapa ndipo penye uhai zaidi. Vilikuwa vibuu vyekundu, mamia, vinajikunja na kujikunjua kwenye tope. Wekundu ule ni damu ya aina ya kwetu, yenye uwezo wa kukamata hewa hata ilipo haba. Ndiyo maana wanamudu pale wengine wanaposhindwa. Walikuwapo ruba, minyoo, konokono, na kombamaji. Basi. Alama 2, 2, 2, 4 na 5. Kumi na tano kwa makundi matano, wastani 3. Kaa hatukumpata, kama bibi alivyosema.

Nisimame hapa kidogo kwa mambo mawili, maana sitaki mtu anisikie vibaya. La kwanza: kijito chenye afya si lazima kiwe maji salama ya kunywa. Mikia Mitatu hakuzuii kuharisha. Ng'ombe mmoja au choo kimoja huko juu kinatosha, na maji lazima yachemshwe au yatiwe dawa. La pili: kijito kizima kina wakazi tusiowapenda. Usubi, yule mdudu anayeeneza ugonjwa wenye jina lake, hulelewa katika maji yanayokimbia, na huku Usambara iko jamii ya usubi ambayo wachanga wake hupanda mgongoni mwa kaa na kulelewa huko. Wapo watakaosema basi bora kaa waishe. Siafiki. Ugonjwa wa usubi una dawa inayogawiwa vijijini. Na ukiua kijito ili kumkwepa usubi, utampata jirani mwingine, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda hasa maji yaliyopunguza mwendo, yenye jua na majani, kama yale ya chini ya daraja.

Na kwa kuwa nimemtaja kaa, niruhusu nitoke njiani kidogo. Milima hii ina kaa ambaye haishi mtoni. Anaishi juu ya mti, katika tundu lililojaa maji ya mvua. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 2004, na yuko pia vilima vya Shimba, Kenya. Kila ninapopita chini ya mti mkubwa wenye tundu, huwa nainua macho.

Turudi darajani. Wako watu waliokuwa wakifua pale siku ile, akina mama na wasichana, na nilimwona mwenzangu mmoja anaanza kuwafokea. Nilimshika mkono. Wafulie wapi? Bomba halipo, na kubeba ndoo kumi kupanda kilima si kazi ya mtu anayesema kwa mdomo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi naiunga mkono. Lakini pita Amani ukahesabu hatua 60 kutoka kijitoni: mara nyingi utakuwa umelimaliza shamba la mtu, umepita na jikoni kwake. Sheria hiyo haitekelezwi kwa tangazo la ubaoni. Inatekelezwa kwa kukaa chini na mwenye shamba, mkakubaliana aanze na ukanda mdogo wa miti na majani ya kushika udongo, apande iliki na mdalasini juu yake, avune huku kijito kikipata kivuli. Bonde la Zigi na Kihuhwi lina umoja wa wakulima wahifadhi, UWAMAKIZI, ulioundwa kwa fikra za namna hiyo, na ninawaheshimu kwa sababu wanazungumza na mkulima kama wakulima wenzake.

Na wewe uliye mjini Tanga, unayenisikiliza Ngamiani au Makorora huku unajaza ndoo bombani, usidhani haya ni ya watu wa milimani. Maji yako yanatoka Zigi, kwenye bwawa la Mabayani. Tope linaloziba nyumba ya Fundi Mwashi ndilo hilohilo linalokwenda kukaa chini ya bwawa na kuongeza dawa inayohitajika kusafisha maji. Yeye amelipata mapema tu, kwa kuwa yuko juu.

Tulifanya nini na daftari lile? Tulilipeleka kwenye mkutano wa kitongoji, pamoja na mabeseni yote mawili, na viumbe wao ndani. Sikutoa hotuba. Watu walipanga mstari wakachungulia, mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa wamekaa nyuma wakaja mbele. Mzee mmoja aliuliza kama ni kijito kilekile. Akaambiwa ndicho. Akaenda kutazama tena. Baada ya siku nyingi za maneno, maana hayakwisha siku moja, walikubaliana karo la kufulia lijengwe pembeni, maji ya povu yaishie kwenye shimo la mawe na migomba, na wenye magimbi waache hatua chache za ukingo. Hatua chache, si 60. Nilitaka zaidi. Lakini waliokubali ndio wenye mashamba.

Tangu hapo tunarudi mara mbili kwa mwaka, kiangazi kwa kiangazi, hatuchanganyi. Mara tu baada ya masika usiende: mafuriko huwa yamewafagia wote, na utalaumu watu kwa kosa la mvua. Subiri majuma kadhaa maji yatulie.

Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya vuli. Juu msituni beseni lilikuwa kama lilivyokuwa. Chini ya daraja vibuu vyekundu bado vilikuwapo, ruba, minyoo, konokono na kombamaji. Tulikaribia kufunga. Kijana aliyekuwa anachokoa kwa kijiko akatuita. Kwenye kona ya beseni, juu ya jani la mgomba lililooza nusu, palikuwa na kibomba cha changarawe, kidogo kuliko punje ya mchele. Tukangoja. Kikatoa kichwa.

"Ni mmoja tu," kijana akasema. "Anahesabiwa?"

Anahesabiwa. Kipimo kile hakiulizi wako wangapi, kinauliza yupo au hayupo. Akaandika: Fundi Mwashi, 9. Jumla 24, makundi sita, wastani 4. Kisha akamchukua kwa kijiko pamoja na jani lake, akaenda kumwachia nyuma ya jiwe, upande wenye kivuli cha mgomba uliopandwa mwaka jana.